Ruta ya pili kuwa aksesi pointi: zima DHCP kwanza, halafu tuongee waya

Ndugu yangu wa Mukono, shida yako nimeisoma mara mbili. Ruta iko sebuleni, vyumba vya uani havipati kitu, ukanunua ruta ya pili ukaiunga kwa waya, na sasa simu zinashika waifai lakini intaneti hakuna. Tena hata zile za sebuleni zilizokuwa nzima zimeanza kusumbua. Mimi niko Bugembe, nje kidogo ya Jinja, hapahapa Uganda, na haya yalinikuta nyumbani kwangu nikahangaika nayo siku tatu. Ruta yako ni nzima, usiirudishe dukani.

Kinachotokea ni hiki. Karibu kila ruta ya nyumbani hutoka kiwandani ikiwa na kazi ya kugawia vifaa anwani, yaani namba zao za mtandaoni, ndiyo hiyo DHCP. Simu ikiingia kwenye waifai huomba anwani, na kwa kawaida inachukua ya yule aliyewahi kujibu. Kwako sasa wanaojibu ni wawili, mmoja ana njia ya kutoka nje na mwingine hana. Simu iliyojibiwa na yule wa pili inapewa anwani vizuri tu, inaambiwa mlango wa kutokea ni yeye, na mlango wenyewe haufiki popote. Kwa kuwa ruta hizo zimeungana kwa waya, hata simu iliyo sebuleni inaweza kujibiwa na ile ya uani. Ndiyo maana leo inagoma simu ya mtoto, kesho televisheni, kesho kutwa inapona yenyewe. Na mara nyingi zote mbili zinajiita 192.168.1.1, kwa hiyo ukitaka kuingia kwenye mipangilio hujui umefungua ya ipi.

Dawa yake: chomoa ruta ya pili kabisa kwenye mtandao. Iunge na kompyuta peke yake, ingia kwenye mipangilio yake. Kama ina sehemu ya kuchagua iwe aksesi pointi, yaani kifaa cha kurusha waifai tu bila kugawa anwani, chagua hiyo, mengi itajipanga yenyewe. Kama haina, ibadilishe anwani iwe 192.168.1.2, na uangalie kwenye ruta kuu kwamba namba hiyo haimo kati ya zile inazogawa. Kisha zima DHCP na uhifadhi. Ukurasa utapotea, usishtuke, utaufungua tena kwa anwani mpya. Kompyuta ikikataa kuufungua, ipe anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.50. Sasa chukua waya kutoka tundu la LAN (la kuunga vifaa vya ndani) la ruta kuu, uuchomeke kwenye tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, mara nyingi lenye rangi yake tofauti, liache wazi. Ukitumia WAN bila kuibadilisha ruta, intaneti inaweza kuja, lakini uani panakuwa mtandao mwingine ndani ya mtandao, na printa ya sebuleni inaweza isionekane na kompyuta ya huko.

Jina la waifai na neno la siri vifanye sawa kwa zote mbili, ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe bila neno la siri, uizime. Chaneli, yaani njia za mawimbi, ndizo zitofautiane. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo sebuleni weka 1, uani weka 6 au 11, upana MHz 20. Ile ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini ukuta wa tofali la kuchoma huidhoofisha haraka, usitegemee ivuke ua.

Hapo simu zitapona. Sasa waya, maana kwangu ndiko kulikonitesa zaidi.

Mama yangu analala chumba cha uani. Ndugu yetu yuko Doha, hupiga simu ya video kila Ijumaa jioni. Nilikuwa namkuta mama amesimama dirishani, mkono mmoja ameshika nondo, mwingine ameinua simu kwenye kona moja tu ya dirisha, kwa sababu hapo ndipo sauti ilipokuwa inafika. Akishusha mkono kidogo, mwanawe anakatika. Iliniuma. Nikakimbilia kununua ripita ya kuchomeka ukutani. Ripita ya aina hiyo inapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu, na ukiiweka mahali ambapo mawimbi yameshachoka, inasambaza uchovu huohuo. Baa zilijaa kwenye simu ya mama, picha ikaganda vilevile. Kwa hiyo atakayekushauri ripita kwa nyumba iliyotenganishwa na ua, mimi simuungi mkono.

Nikavuta waya, mita 35. Wa kwanza niliununua kwa bei rahisi kwenye duka moja, ukiwa umeandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao, kwa herufi kubwa. Nilipoukwangua kwa wembe, chini ya ngozi ya shaba kulikuwa kweupe: alumini iliyopakwa shaba. Nyaya zake zinakatika ukizikunja mara chache, na ukipitishia stima ya kuendesha aksesi pointi zinapata joto kuliko shaba. Fanya jaribio hilo la wembe dukani kabla hujalipa. Nunua shaba tupu, Cat5e inatosha kabisa, na kama utapita juani uwe ule wenye ganda jeusi la nje. Mpaka mita 100 hakuna tatizo.

Kwenye vichwa vya RJ45, vile vya mwisho wa waya vinavyoingia kwenye tundu, usiwe na haraka. Shika kichwa kijilimi cha plastiki kikiwa nyuma, waya ukiingilia chini, uhesabu kutoka kushoto: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Pande zote mbili mpangilio huohuo. Kabla ya kubana na koleo, tazama kwa mbele uone ncha nane za shaba zimefika mwisho wa plastiki. Mimi ya kahawia ilibaki nyuma kama milimita mbili. Mtandao ulifanya kazi, lakini ruta ilikuwa inaonyesha kasi ya 100 (megabiti kwa sekunde) wakati zote mbili ni za 1000. Kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu, ya 1 na 2, ya 3 na 6, kwa hiyo kosa kwenye zile nyingine halizimi kitu, linakupunguzia tu. Ukiona 100 mahali pa 1000, anza na vichwa.

La radi nakuomba ulichukue kwa uzito. Ukanda wetu huu wa Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine unaweza kuileta mpaka ndani. Mwezi wa nne, mvua ilipotuamsha usiku, mti wa jirani ulipigwa. Kwetu hakuna kilichoguswa kwa macho, lakini tundu la LAN la ruta kuu lilikufa pamoja na aksesi pointi. Tangu siku hiyo waya wangu umefukiwa ndani ya bomba la plastiki, na mawingu yakikusanyika tunauchomoa pande zote mbili. Kufukia pekee hakuzuii radi, kuchomoa ndiko kunasaidia. Ukiwa na uwezo, kati ya majengo weka faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, na vigeuzi vyake viwili, maana kioo hakipitishi stima. Mimi bado najichanga kwa hiyo.

Aksesi pointi yenyewe ifunge juu ukutani ndani ya chumba cha uani, mbali na friji na mlango wa chuma. Usiiweke juu ya dari chini ya mabati kwa ajili ya kuificha. Bati hurudisha mawimbi na joto la mchana litaimaliza.

Stima ikikatika, kumbuka ni vifaa viwili sasa. Kibetri kidogo cha ruta sebuleni hakitasaidia uani kama huko kumezimika. Angalia nyuma ya kila ruta imeandikwa V 9 au V 12 kabla hujanunua kibetri, kwa sababu ukiipa ya 9 moto wa 12 unaweza kuiua. Siku ukinunua aksesi pointi halisi inayopokea stima kupitia waya wa mtandao, kibetri kimoja sebuleni kinaweza kulisha zote, ila hakikisha kilishio chake, kile kinachoingiza stima kwenye waya, kinalingana nayo: kuna za V 24 na kuna za V 48, haziingiliani.

Fanya hiyo ya DHCP leo usiku watu wakiwa wamelala, halafu uniambie ruta ya pili ni ya aina gani na kutoka sebuleni mpaka uani ni mita ngapi. Waya utandaze kwanza juu ya nyasi, mtu apige simu ya video akiwa kitandani huko uani, ndipo uanze kuchimba.