Usiniulize Droni, Niulize Mwezi Umeandama Lini

Picha yangu ya mkono wa bahari wa Kilifi imetundikwa ukutani kwenye hoteli moja hapa pwani, na safari hii jina langu limeandikwa chini yake. Nilipoitangaza, msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, hiyo ni droni tu. Nami nikipata kama yako nitapiga hivyo hivyo."

Iliniuma. Droni yenyewe ni ya mtumba. Tena si mara ya kwanza kudharauliwa. Kuna watu waliwahi kuiweka picha yangu kwenye bango la barabarani bila hata salamu. Nimesamehe, ingawa kila nikipita barabara ile nageuza uso.

Basi nieleze kazi ilikokuwa. Mkono ule wa bahari ni bonde la mto lililozama. Zama za barafu bahari ilikuwa chini sana, mito ikachimba mabonde yake hadi huko. Barafu ilipoyeyuka, maji ya chumvi yakapanda na kuyajaza. Mikono ya bahari ya Mtwapa na Tudor ni vivyo hivyo. Penye daraja la Kilifi unaona maji ya kina katikati ya kingo za mwamba, lakini ukiingia ndani, upande wa Bahari ya Wali, ile sehemu pana ya ndani, kingo zinaachana, matope yanatanda, na mikondo inajipinda kama nyoka kati ya mikoko. Ile mipindo ndiyo picha. Maji yakijaa huioni, mikoko imesimama majini. Yakikauka kabisa unabaki na tope la kijivu. Unayataka yanaposhuka, yamebaki ndani ya mikondo tu.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokwama. Kila mpiga picha anapenda jua la saa kumi na mbili na nusu. Lakini pwani yetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji huwa yamekupwa, yameshuka kabisa, mnamo saa nne asubuhi, jua limeshapanda na kivuli kimefupika. Na siku ambazo maji hukupwa alfajiri ni za maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, hayashuki vya kutosha. Mwanga mzuri na kupwa kukubwa havikutani. Nililalamika hivyo mbele ya mzee mmoja mvuvi pale Takaungu, baada ya shikamoo na kahawa. Akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya simu, kumbe yeye anahesabu siku tangu mwezi uandame. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Njoo mwezi kumi na mbili, au ishirini na saba. Maji yatakupwa mapema, na bado yatashuka sana."

Ndivyo ilivyo. Siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, au kabla ya mwezi kuandama, maji hufika chini mnamo saa mbili na kitu. Ukirusha saa moja na nusu, jua bado liko upande, kila mkoko una kivuli chake, na maji yanashuka mbele ya macho yako. Elekeza kamera chini wima, upeo wa macho usiingie, maana mbingu inaila picha. Weka kichujio cha polaraiza mbele ya lenzi kupunguza mng'ao wa maji. Epuka siku za baada ya mvua kubwa, mito kama Ndzovuni inaleta udongo na kila kitu kinakuwa rangi moja. Na narudia: mwezi kwanza.

Vijana wenzangu, mnakopa kununua kifaa na hamjui maji ya kwenu yanajaa saa ngapi. Wavuvi wanajua, kina mama wanaookota kaa wanajua. Kaeni nao. Salimieni. Msifike na kisanduku mkarusha juu ya vichwa vya watu walio kazini, halafu mkashangaa mkikaripiwa.

Kabla ya yote hayo, sajili droni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usipande zaidi ya futi 400, yaani kama mita 120. Urefu huo unatosha sana kwa mikondo. Tena angalia kunguru. Wakianza kuizunguka, shusha pole pole na uirudishe nyumbani, hata kama maji ndiyo kwanza yamefika pazuri.