Kamera ya Baba kwa Fundi wa Ugenini

Wengi Unguja na Pemba wana kamera za mkanda wa filamu kabatini, na mtu akipata safari ya nje ndipo anapokumbuka kuitengeneza. Haya ni maswali mliyonipa.

*Nampeleka mama Mumbai kwa matibabu, tutakaa wiki tatu. Marehemu baba aliacha Nikon FM2 aliyokuwa akipigia picha za harusi. Shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, inakwama. Nitapata fundi huko? (Msomaji, Mkunazini)*

Mwenyezi Mungu amponye mama. Fundi utampata. Ulizia Bora Bazar, eneo la Fort, karibu na stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji. Huko maduka ya kamera yamefuatana na mafundi wa kamera za zamani bado wapo.

Ila usimwendee fundi na neno moja tu, "imeharibika". Kabla hujaondoka, fungua mgongo wa kamera ikiwa haina mkanda, ielekeze dirishani, kisha piga spidi zote (yaani muda shata inaobaki wazi) moja moja, kuanzia sekunde 1 mpaka 1/4000 ya sekunde, huku unachungulia kwa nyuma. Sekunde moja inatimia sekunde moja, au inajivuta? Inakwama kwenye spidi za polepole tu, au zote? Inagoma mwanzo kisha inazoea? Yaandike. Shata ya FM2 ni ya mitambo mitupu, na betri zake mbili ndogo zinaendesha kipima mwanga tu, kwa hivyo mtu asikuuzie betri akasema ndiyo dawa. Mara nyingi ugonjwa ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Kinachotakiwa ni kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta mapya na kuzipima spidi. Muulize kama ana mashine ya kupimia. Asiye nayo hukadiria kwa sikio, na sikio haliwezi kuipima 1/1000.

Jambo ninalokusisitizia ni muda. Mpelekee wiki ya kwanza, hata kama hospitali imekushughulisha. Watu hupeleka kamera siku mbili kabla ya ndege, fundi akafungua mbio na kufunga mbio, na ubovu ukaonekana mtu ameshafika nyumbani, ambako ahadi ya fundi haimfai tena. Akimaliza, tia mkanda, upige kwa spidi mbalimbali, usafishwe hukohuko na uutazame. Picha ikitoka na sehemu nyeusi upande mmoja, mrudishie kazi yake. Mwandikiane namba ya kamera, namba ya lenzi, bei, na kwamba habadilishi kifaa bila kukuambia. Karatasi hiyo itakufaa hata forodhani, ijulikane kuwa umerudi na kamera ya nyumbani wala si bidhaa.

*Lenzi yangu imeota kitu kama utando wa buibui. Huwa naenda Istanbul kuchukua nguo za biashara. Niipeleke? (Wete)*

Hiyo ni kuvu, na kwa hali yetu ya hewa haishangazi. Hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu huota juu ya kioo, na majimaji yake hula ile rangi nyembamba iliyopakwa kwenye lenzi, mwisho hula kioo chenyewe. Washa tochi, imulike lenzi kutoka nyuma, utazame. Utando mwembamba husafishika. Kioo kilichokwisha kuliwa hakirudi, na fundi mkweli atakwambia hivyo kabla hajapokea pesa zako.

Istanbul nenda Sirkeci, uulize Hayyam Pasajı, jengo linalojulikana kwa maduka ya kamera. Lakini kama ni lenzi ya kawaida ya milimita 50, uliza kwanza bei ya nyingine iliyotumika, maana huenda ikawa nafuu kuliko matengenezo. Lenzi adimu, au yenye historia ya nyumbani, itengeneze.

Ikirudi, usiirudishe kwenye mkoba wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na kuvu huipenda. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakti vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Masika vitazame mara kwa mara, vikishiba unyevu uvikaushe. Na tafadhali, lenzi isifutwe kwa pembe ya kanga.

*Canon AE-1 yangu imekufa kabisa. Nimpe ndugu anayekwenda Dubai? (Chake Chake)*

Nunua betri kwanza. AE-1 shata yake ni ya umeme na bila betri ya volti 6, ile inayoandikwa 4LR44, haipigi kabisa. Ikiamka lakini inatoa mlio mkali kila unapopiga, mafuta yamekauka kwenye mitambo ya kioo cha ndani. Hilo ni la fundi.

*Babu alisoma Ujerumani Mashariki akarudi na Praktica. Mjukuu wake sasa yuko Ujerumani. Tumpelekee, au ndiyo basi, maana simu zipo? (Michenzani)*

Mpelekeeni. Praktica ilitengenezwa Dresden, na huko Ujerumani bado zinauzwa zilizotumika kwa bei ndogo, kwa hivyo kijana anunue na nyingine mbovu ya aina hiyohiyo, fundi achukue vipuri. Mwenye Leica ana bahati zaidi, kwani kampuni yenyewe, mjini Wetzlar, bado inapokea kamera zake za zamani.

Na kuhusu simu: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Mji Mkongwe mwaka 1930, na picha zake ndizo tunazozitazama leo tukitaka kuiona Zanzibar ya wazee wetu. Zilibaki kwa sababu zilikuwa kwenye filamu na kuna waliozitunza. Simu ikiibiwa leo, harusi nzima imekwenda. Ndiyo maana nataka kamera hizi ziendelee kufanya kazi.

*Mikanda inaharibika uwanja wa ndege? (Paje)*

Isiende kwenye begi la chini, hilo hasa. Ibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, umwombe ofisa kwa heshima aikague kwa mkono. Mashine mpya za kukagulia mizigo, zinazoitwa CT, huharibu filamu yoyote. Zile za zamani za eksirei huumiza zaidi filamu za ISO 800 kwenda juu (ISO ni namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga), na kila ikipita tena madhara yanaongezeka.

*Yashica yangu imeanguka baharini, na ndani mna mkanda wa harusi ya dada. (Nungwi)*

Usingoje safari, na usiizike kwenye mchele. Toa betri, isuuze kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, maana chumvi ikikauka ndani inaendelea kula chuma. Kamera huenda isipone. Mkanda bado una nafasi: urudishe wote kwenye kopo lake, ulitumbukize kwenye chombo cha maji safi, ufunike, uweke gizani. Usiukaushe, kwani ukikauka umejikunja unagandana. Msafishaji wa filamu aupokee ukiwa umelowa, aambiwe umeingia maji ya chumvi, na ausafishe siku hiyohiyo.