Tunaogopa hata kumgusa mama

SWALI: Shikamoo, mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 78. Miezi minne iliyopita aliteleza akavunjika kifundo cha mkono. Alipopimwa tukaambiwa mifupa imemomonyoka, akaandikiwa kidonge cha alendroneti, kimoja kwa wiki. Tangu hapo tumemkataza kutembea. Akitaka msalani tunamwinua wawili, tumemshika makwapa. Kidonge nacho kinamletea kiungulia kikali, anataka kukiacha. Tufanyeje? – Kitindamimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na makwapa, maana hapo ndipo niliposhtuka. Mkimvuta hivyo, mwili mzima unaning'inia mabegani. Bega linaweza kuteguka, na pingili za mgongo wenye mifupa iliyomomonyoka hubonyea hata bila mtu kuanguka. Mfundisheni kuinuka mwenyewe. Alale ubavu, magoti ameyakunja, bega na nyonga vigeuke pamoja kama gogo. Ateremshe miguu huku akisukuma godoro kwa mkono ule mzima. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, kizunguzungu kipite, ndipo asimame. Wewe uwe ubavuni kwake, mkono nyuma ya kiuno, basi.

Na atembee! Mfupa usiobeba uzito huzidi kupungua, na mapaja yakilegea ndipo mtu anapoanguka kweli. Nasema hivi nikiwa na aibu: mama yangu mzazi nilimlaza wiki tatu kwa woga, mimi muuguzi mzima, akashindwa hata kuinuka kitini. Avae viatu vilivyofunga kisigino, si ndala, na njia ya msalani iwe na taa usiku kucha.

Kidonge je, anakimezaje? Nahisi ni kwa chai, kisha anajilaza tena. Humezwa asubuhi, tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, halafu nusu saa asile wala asilale, akae wima. Kikikwama kooni huunguza njia ya chakula. Ila kwa kiungulia hicho asimeze kingine mpaka amwone daktari. Dawa nyingine zipo, hata za sindano. Vidonge vya kalsiamu, kama anavyo, visimezwe pamoja nacho, kwani huzuia kisifyonzwe.

Siku akianguka, mkaona mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, msimsimamishe kumjaribu. Mfunikeni shuka palepale sakafuni, mwite gari la wagonjwa.