Tangi dogo, mwani mwingi: nimweke mnyama gani?

SWALI: Shikamoo mama. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 60, nililinunua kuukuu, pamoja na mawe yake, kwa jirani aliyehama. Lina samaki wawili wadogo. Kioo nakifuta leo, kesho kutwa kimeshakuwa kijani, na mawe yameota nyuzi ndefu. Maji yakipungua naongeza ya kisima. Muuza samaki anataka nichukue kangaja mdogo, eti atamaliza mwani wote. Rafiki yangu anasema twende pwani tukaokote konokono bure. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote wawili waache, ingawa rafiki yako amekaribia.

Kangaja ni mla mwani hodari, hapo muuzaji hakudanganya. Ila ni samaki wa kuzunguka mwamba kutwa nzima, na hata wale wa aina ndogo hukua kupita sentimita 15. Ndani ya lita 60 atakuwa anageuka tu, kioo hiki na kile, na hao wawili wako atawakata kwa ule wembe wa mkiani. Tena anayekula sana hutoa kinyesi kingi, na kinyesi hicho ndicho mbolea ya mwani wa wiki ijayo. Kwenye tangi la ukubwa wako mimi simweki samaki yeyote kwa kazi ya mwani. Naweka konokono.

Wa kwanza ni trokasi, mwenye gamba kama pia iliyosimamishwa kichwa chini. Anakwangua kioo na mawe, na akianguka chali hujigeuza mwenyewe. Usibabaishwe na astrea, anayefanana naye sana. Huyo akianguka hubaki hapohapo, miguu juu kama angekuwa nayo, mpaka umwinue wewe au afe. Wa pili ni serithi, gamba jembamba lililochongoka, anayefukua mchanga usiku na kula mabaki ya chakula cha samaki. Trokasi watatu na serithi watatu wanakutosha kuanzia. Najua dukani watakuhesabia ishirini. Ishirini hao watamaliza mwani kisha wafe njaa, na konokono mmoja anayeoza nyuma ya jiwe anatosha kuchafua maji yote ya tangi dogo. Ukiona kioo kimekaa safi muda mrefu, wabanie kipande cha ule mwani mkavu wa karatasi unaouzwa supamaketi, usiotiwa viungo.

Wale kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono watu huwapenda, na nyuzi wanakula kweli. Mimi nawakwepa. Akiona gamba la trokasi limemfaa, humuua mwenyewe akahamia. Ukishindwa kujizuia, weka mmoja tu na umtupie magamba matupu makubwa kuliko lake.

Sasa hili la kuokota. Mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari, na humo hata gamba tupu haliokotwi. Wale konokono weusi wanaong'ang'ania majabali maji yakipwa ni wala utando wazuri, lakini wamezoea kukaa nusu ya maisha yao nje ya maji, utawakuta wanapanda ukuta wa sebule. Na jambo la kuogopa hasa: konokono wa umbo la koni, mwenye michoro ya kupendeza, usimguse. Ana mshale wa sumu, na jamii yake imewahi kuua watu. Wamo katika bahari yetu hii. Halafu si kila konokono anakula mwani. Wengine hula nyama, na watakula hao ulionunua.

Lakini mwanangu, barua yako imenionyesha mlaji si tatizo lako. Tatizo ni kisima. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo hubeba nitreti, yaani mbolea inayolisha mwani, na maji ya tangi yakikauka hewani yenyewe huondoka peke yake, nitreti inabaki. Kila ndoo unayoongeza unaushibisha mwani. Tumia maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi; vituo vya kujazia madumu vingi vinayo, ila uliza kama wanarudishia madini baada ya kuchuja, na wakisema ndiyo nenda kwingine. Taa iwake saa nane kwa siku, basi. Nyuzi ndefu zing'oe kwa mkono kwanza, maana trokasi hula changa, ndefu hazigusi.

Na kabla hujatoa hata shilingi, muulize jirani yako kama aliwahi kutibu samaki kwa dawa yenye shaba. Shaba hunywewa na mawe, ikaendelea kuvuja taratibu, na kiasi ambacho samaki hawakijali humuua konokono. Akikumbuka kwamba alitumia, badilisha mawe na mchanga. Siku ya kuwaleta, wadondoshee maji ya tangi kwa mrija uliofungwa fundo, kama saa nzima hivi. Konokono hawezi kuhimili chumvi kubadilika ghafla.

SWALI: Mama, nina tangi la lita 80 hapa Bububu. Nimeona tasi wanavyomaliza mwani wa wakulima baharini. Nikimweka tasi mtoto je? Pia nina utando wa zambarau juu ya mchanga.
Msomaji, Unguja

JIBU: Tasi hupita sentimita 30, na miiba yake ina sumu, siku utakapoingiza mkono kusafisha utanikumbuka. Mahali pake ni kwenye mchuzi wa nazi. Huo utando wa zambarau si mwani bali bakteria, na hakuna mnyama wa kumtegemea aule. Uvute kwa mpira unapobadilisha maji, punguza chakula cha samaki, na geuza pampu ipeleke mkondo mahali hapo.