Kabla ya kuifundisha kompyuta kusema, ifundishe kunyamaza

Programu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya wasioona wenzangu ilisema vizuri sana. Ilisoma majina ya mafaili, ikasoma menyu, ikasoma hata saa. Nikampa mwalimu mmoja asiyeona aijaribu, mtu mzima aliyekuwa ametumia kompyuta kwa sauti miaka mingi kuliko mimi, nikakaa pembeni yake kusikiliza. Akabonyeza kishale cha chini. Sauti ikaanza kusoma jina refu la faili ambalo hakulitaka, akabonyeza tena. Sauti ikalisoma lile la kwanza mpaka mwisho, ndipo ikaingia la pili. Akabonyeza mara nne haraka haraka. Vidole vikawa vimeshafika faili la sita, masikio bado yako la pili. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akasubiri imalize yote. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, kwamba programu yangu inasema vizuri ila haisikii.

Miaka imepita tangu siku ile, na muda mwingi nimeutumia kwenye programu huria za sauti na za visoma skrini, yaani programu zinazomsomea asiyeona kilicho kwenye skrini, nikiandika msimbo na kurekebisha hitilafu za wengine na zangu. Kila anayeniuliza aanzie wapi namjibu vilevile: anza na kunyamaza. Hakikisha sauti inakatika papo hapo mtumiaji anapobonyeza kitufe chochote, hata kabla hujashughulika na ubora wa hiyo sauti.

Wanaoona huwa hawaelewi haraka kwa nini nalisisitiza jambo hili, kwa sababu jicho huruka lenyewe. Unafungua orodha ya mafaili arobaini, jicho linapita juu ya thelathini na tisa bila wewe kujua kwamba umeyapita. Sisi tunaruka kwa kukata. Nikitafuta faili la bajeti nasikia "ba", si lenyewe, kishale; "baru", hapana, kishale; "baje", nimefika. Kwa siku nzima ya kazi ni nadra nisikilize jina mpaka silabi ya mwisho. Programu inayonilazimisha nisikie kila neno hadi mwisho inanichosha kama vile wewe ungelazimishwa kusoma kila kibao cha barabarani kwa sauti kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari.

Sasa, sauti inachelewa wapi kukatika? Inachelewa kila mahali palipo na foleni, na kwenye kompyuta ya mezani foleni ni nyingi. Chukua Linux, ule mfumo endeshi huria. Programu unayoitumia inatoa habari zake kupitia AT-SPI, ule mfumo unaokieleza kila kitu kilicho kwenye skrini: hiki ni kitufe, jina lake hili, hali yake hii. Kisoma skrini, yaani Orca, kinazipokea habari hizo na kuamua nini kisemwe. Maneno yanakwenda kwa Speech Dispatcher, nayo inayapeleka kwenye injini ya sauti, mara nyingi eSpeak NG. Injini inageuza maneno kuwa namba za mawimbi na kuzikabidhi kwa mfumo wa sauti wa kompyuta. Unapobonyeza kitufe, lazima kila mmoja katika mnyororo huo amwage alichokishika mkononi. Akibaki mmoja tu hajamwaga, utasikia mkia wa neno la zamani ukiingia juu ya neno jipya.

Mimi nilikuwa nimezimwaga foleni zangu zote na mkia bado unasikika. Nilitafuta kwa wiki nzima. Kumbe hitilafu ilikuwa mwisho kabisa wa mnyororo, kwenye bafa ya sauti, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kupigwa. Injini ilikuwa ikitoa sampuli, zile namba za mawimbi, 22,050 kwa sekunde, na mimi, kwa kuogopa sauti isikatikekatike, nilikuwa nimeiwekea bafa ya sampuli 11,025. Hiyo ni nusu sekunde nzima ya sauti ambayo imeshakabidhiwa na mimi sikuwa nimeandika popote amri ya kuirudisha. Nilipoishusha mpaka 1,024, ambazo ni kama milisekunde 46, programu ikawa ni nyingine. Ukiishusha mno sauti inaanza kukwaruza kompyuta ikielemewa na kazi, kwa hiyo jaribu kwenye mashine ya zamani, si kwenye ile mpya uliyojinunulia. Wengi wa watumiaji wetu wanafanya kazi na mashine za zamani.

Ukitaka kujifunza kunyamaza kutoka kwa waliolifikiria vizuri, soma maelezo ya vipaumbele vya Speech Dispatcher. Viko vitano, na vyote vimejengwa juu ya swali moja: nani amkatize nani? Taarifa ndogo ndogo hutupwa pale kitu kingine kinapotaka kusemwa. Habari za maendeleo, kwa mfano asilimia za faili linalopakuliwa, zinaweza kurukwa katikati, lakini ile ya mwisho hutafutiwa nafasi isemwe ili ujue kazi imekwisha. Ujumbe muhimu haukatizwi na chochote. Mgeni hudhani mpangilio huu ni urasimu. Akiishi nao siku mbili akiwa amefumba macho, ataona ulitoka kwa watu waliochoka kupigiwa kelele.

Kuhusu uzuri wa sauti nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndilo jambo linalowavutia wengi kuja. Sauti mpya zinazotengenezwa kwa mitandao ya neva zinapendeza, na kwa kusikiliza kitabu jioni sina ugomvi nazo. Kwa kazi, bado narudi kwenye eSpeak NG yenye sauti ya bati. Inaanza kusema papo hapo, ni nyepesi, na haipotezi herufi ikikimbizwa. Kasi yake ya kawaida ni maneno 175 kwa dakika. Mimi huiweka zaidi ya mara mbili ya hapo. Sauti nyingi tamu nilizojaribu kwa kasi hiyo humeza konsonanti, na nyingine husita kidogo kabla ya kuanza. Kusita huko mara elfu kwa siku ni mateso.

Kiswahili kina mambo yake, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo mchango wa msemaji wa Kiswahili unapohitajika kuliko mwingine wowote.

La kwanza ni mpangilio wa maneno. Mtafsiri akikutana na ujumbe wa kitufe cha kuhifadhi, mkono unamwenda wenyewe kuandika "kitufe cha Hifadhi". Kwenye karatasi ni Kiswahili safi. Masikioni ni balaa, kwa kuwa vitufe kumi vilivyopangwa pamoja vyote vitaanza na "kitufe cha", "kitufe cha", na siwezi kukata mpaka nimeyasikia maneno mawili yasiyonisaidia. Tanguliza kinachotofautisha: "Hifadhi, kitufe". Nikisikia "Hi" tu nimeshajua.

La pili ni ngeli. Lugha ambazo programu hizi ziliandikwa kwazo hazina habari ya kitufe kimechaguliwa, dirisha limechaguliwa na orodha imechaguliwa. Mtafsiri anapewa neno moja lililosimama peke yake, aambiwe alitafsiri mara moja kwa vitu vyote. Nilipoanza niliandika "imechaguliwa" kila mahali, na nikawa nasikia "kisanduku, imechaguliwa" siku nzima, sikio linakereka. Njia mbili zimenisaidia. Moja ni kuwaomba wenye msimbo watenganishe ujumbe kwa muktadha; gettext, mfumo unaotunza tafsiri za programu, unaruhusu jambo hilo na mara nyingi hawakatai ukiwaeleza sababu. Nyingine ni kutafuta maneno yanayobeba nomino yao wenyewe. Badala ya kuhangaika kama kisanduku kimetiwa au hakijatiwa alama, nikaandika "alama ipo" na "alama haipo". Upatanisho sasa uko na alama, wala si na kitu kinachosomwa, na haubadiliki kamwe. Siku nilipoligundua hilo nilifurahi kama mtoto.

Namba nazo zina mtego uleule. Injini ikikuta "watu 2" inasema "watu mbili", kwa sababu haijui kwamba mbele yake kuna watu. Kwenye ujumbe wa kisoma skrini unaweza kuukwepa kwa kupanga upya: "jumla ya vipengee: 2", hapo "mbili" inakaa sawa kwa sababu ni hesabu tupu. Kwenye maandishi ya watu huwezi kukwepa, na kwa kweli si juu ya injini kuwasahihisha.

Halafu kuna ng'. Kwenye injini moja niliyokuwa nikiishughulikia, kanuni ya kusoma ng'ombe iliandikwa kwa kutumia kile kialama cha ritifaa kilichonyooka ambacho kiko kwenye kibodi. Programu za kuandikia hukigeuza zenyewe kuwa kile kilichopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Matokeo yake ng'ombe aliyeandikwa kwenye barua pepe alisomwa vizuri, na ng'ombe aliyeandikwa kwenye waraka akasomwa kama neno lililopasuka. Kurekebisha kulichukua mstari mmoja. Kugundua kulichukua miezi, kwa sababu watumiaji walishazoea kudhani kwamba ndivyo kompyuta inavyosema. Ukimwona mtumiaji asiyelalamika, muulize mara ya pili.

Mstari huo mmoja niliuandika mimi mwenyewe, na hii ndiyo faida ya chanzo huria ambayo siwezi kuiacha bila kuitaja. Orca iliingia rasmi kwenye GNOME, mazingira ya mezani ya Linux, mwaka 2006, mwaka uleule ambao Michael Curran, ambaye naye haoni, alianza kuandika kisoma skrini cha NVDA kwa ajili ya Windows huko Australia. Zote mbili zimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Python, lugha unayoweza kuifungua na kuisoma kwa kisoma skrini hichohicho unachokitengeneza. Ukikerwa na kitu jioni, unaweza kufungua faili lenyewe usiku huohuo.

Lakini ukiharibu, unamharibia mtu kila kitu. Programu ya picha ikizimika, mtu anaona imezimika. Kisoma skrini kikizimika, mtu anabaki na ukimya, na hawezi kutofautisha kati ya kompyuta iliyoganda, sauti iliyoshushwa na programu iliyokufa. Mimi yalinikuta baada ya kusasisha mfumo usiku, kesho yake nina kazi ya kukabidhi. Mfumo wa sauti ulikuwa umebadilishwa, injini ikashindwa kuufungua, na ujumbe wa kosa ukaandikwa vizuri sana kwenye skrini ambayo siioni. Kilichoniokoa ni kifaa changu cha nukta nundu, kwa sababu BRLTTY, programu inayokiendesha kifaa hicho, inafanya shughuli zake bila kuitegemea sauti hata kidogo. Nilisoma kosa kwa vidole, nikarudisha toleo la zamani. Tangu hapo siunganishi kiraka chochote, yaani badiliko la msimbo, kinachogusa kuanza kwa sauti kabla sijaiua injini kwa makusudi na kusikiliza kama kuna kitu kitainuka mahali pake. Weka injini ya pili ya akiba. Weka mlio, hata mmoja, unaosema mimi bado niko hai.

Kwako unayeona na unataka kusaidia: karibu, tunakuhitaji, na kwanza zima skrini. Kufumba macho hakutoshi, utachungulia tu. Izime kabisa, kisha jaribu kufungua programu uliyoiandika mwenyewe, ubadilishe mpangilio mmoja na uufunge. Utakutana na vitufe vyako vyenye picha bila jina, ambavyo Orca haina la kusema juu yake ila "kitufe". Utasogeza kishale kwenye jedwali lako la mistari elfu kumi na kusubiri, kwa sababu kila swali ambalo kisoma skrini kinauliza linasafiri kupitia D-Bus, njia ambayo programu hutumiana ujumbe, mpaka kwenye programu yako na kurudi, na wewe umeilazimisha iulizwe mistari yote wakati inayosikilizwa ni mmoja. Rekebisha hivyo viwili tu kwenye programu yako na utakuwa umenifanyia zaidi ya aliyeandika kisoma skrini kipya.

Na kwako usiyeona unayejiuliza kama unaweza kuandika msimbo huu: tayari una chombo ambacho wengine wanakosa. Unajua sauti inakera wapi. Anza kwa kuripoti hitilafu moja vizuri: ulibonyeza nini, ulitarajia kusikia nini, ulisikia nini neno kwa neno, toleo gani la kila programu kwenye mnyororo. Washa logi, yaani kumbukumbu ya yanayotendeka ndani ya programu, kabla hujarudia kosa. Ripoti ya namna hiyo hupokelewa kwa heshima, na mara nyingi ukiwa unaiandika unagundua mwenyewe ni faili lipi la kufungua.

Yule mwalimu bado ananijaribia kila toleo. Hanipigii simu kunisifu. Ananitumia sauti aliyorekodi, vidole vyake vikigonga kishale, nami nasikiliza umbali kati ya mlio wa kitufe na herufi ya kwanza. Wiki iliyopita ametuma nyingine: kwenye menyu ya ndani kabisa, ukirudi juu haraka, kuna "na" moja inayobaki nyuma. Nimeshaisikia, na nadhani najua foleni ipi haijamwagwa.