Usiandike kwamba alikuwa amechoka

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza wa historia, swali la "ni nini kilimsukuma fulani" mtakutana nalo mapema, na huenda fulani huyo akawa Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Marekani aliyekamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti cha basi. Mimi nililijibu kwa mstari mmoja: alitoka kazini miguu ikimuuma, akakataa kumpisha Mzungu kiti. Karatasi ikarudi na duara jekundu kwenye neno "amechoka", pembeni pameandikwa: "Nani kakwambia?" Sikuwa na jibu. Nililisikia tu, kama tulivyolisikia wote.

Tangu hapo huanza na kalenda kabla sijagusa moyo wa mtu. Jioni ile ni ya tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama. Parks ana miaka 42, ni mshonaji katika duka kubwa la mjini. Sasa rudi nyuma. Mwaka 1943 dereva yuleyule wa basi la jioni ile, James Blake, alimtoa kwenye basi kwa kuwa hakukubali kushuka akapandie mlango wa nyuma. Mwaka huohuo Parks akawa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na kazi yake ikawa kupokea habari za waliopigwa na waliobakwa. Kiangazi cha 1955 alikwenda Tennessee kwenye mafunzo ambako weusi na weupe walikaa meza moja. Agosti hiyo Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, aliuawa Mississippi, na Septemba washtakiwa wakaachiwa. Siku 4 tu kabla ya tukio la basi, Parks alikuwa mkutanoni akisikiliza habari za mauaji hayo.

Ukishayapanga hivyo, habari ya miguu inakosa pa kukaa. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwili haukuchoka kuliko siku nyingine. Alichochoka nacho ni kunyenyekea.

Ila msikimbilie upande wa pili mkasema lilikuwa jambo la kupangwa. Kosa hili nakutana nalo zaidi kwa wanafunzi wenye bidii, kwa sababu wamesoma mengi na wanataka kila kitu kiungane. Parks alisema angemwona mapema dereva ni nani, asingepanda lile basi. Mtu aliyekusudia kukamatwa hasemi hivyo. Tena alijua kukamatwa kunamaanisha nini: Machi ya mwaka ule Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikamatwa kwa kosa kama hilo, na Parks alikuwa miongoni mwa waliomsaidia.

Tazameni na kile kiti chenyewe. Hakukaa sehemu ya Wazungu. Alikuwa safu ya katikati, ambayo dereva angeweza kuwaondoa weusi Wazungu wakijaa mbele. Waliamriwa kusimama wanne, kwa ajili ya mwanamume mmoja. Watatu wakasimama. Parks akampisha jirani yake apite, kisha akasogea yeye dirishani. Huko kusogea kwa sentimita chache kuna maana kuliko kurasa nyingi za maelezo: alikuwa na nafasi ya kuondoka, akaitumia kukaa vizuri zaidi.

Halafu tenganisheni sababu zake na sababu za mji. Jo Ann Robinson, kiongozi wa chama cha wanawake weusi mjini humo, na wenzake walikwisha kumwonya meya kwa barua tangu Mei 1954 kwamba watu wanafikiria kususia mabasi. Usiku wa kukamatwa kwa Parks, Robinson akachapa kwa maelfu makaratasi ya kuitisha mgomo. Mgomo huo wa mabasi ulidumu siku 381. Parks hakuketi pale akiziona siku hizo 381, na insha isimbebeshe.

Mkiandika "alitaka", semeni ushahidi ni wa lini. Kitabu chake cha maisha kilitoka 1992, zaidi ya miaka 35 baada ya jioni ile. Hati za polisi ni za siku yenyewe, lakini zinaeleza alipoketi, hazielezi alichowaza.