Darasa lisigeuke tanuri

SWALI: Tunajenga madarasa mawili Mamboleo, Kisumu. Fundi anataka madirisha yote makubwa yatazame barabara, upande wa magharibi. Joto halitatusumbua? – Mwalimu

JIBU: Litawasumbua, Mwalimu. Kufika saa kumi alasiri jua limeshuka, miale inapita chini ya upenu na kuingia hadi kwenye madawati. Hata upenu wa mita moja hautaizuia. Geuzeni jengo: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ukuta mfupi wa magharibi ubaki bila dirisha. Lango ndilo litazame barabara, inatosha.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua la adhuhuri huinama kidogo tu, nyuzi 23 hivi: kaskazini mwezi Juni, kusini Desemba. Upenu wa sentimita 90 utakinga ukuta hadi chini ya dirisha. Wekeni madirisha pande zote mbili, yakabiliane, la sivyo upepo wa ziwa utaingia ukose pa kutokea. Chini ya mabati wekeni dari, na matundu ya hewa juu yake.

Kama udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, uchimbwe wote kabla ya msingi. Huvimba mvua ikinyesha, na nyufa huanzia pembe za madirisha.